Presha na mafuta: kabla hujalaumu chapati soma hii (uzi mrefu kiasi)

Dawa_Umoja
Wasee habari zenu. Niko kemisti huku Umoja na kuna swali moja naulizwa karibu kila siku, "daktari, nikiachana na mafuta si presha itashuka nitupe hizi tembe?" (mimi si daktari lakini Nairobi ukishavaa koti nyeupe ushakuwa daktari, hiyo nimezoea). Sasa badala ya kurudia kwa kaunta watu wakiwa laini nimeamua niiandike hapa yote, mwenye kupinga apinge.

Wengi wanafikiria mafuta yanaingia kwa damu, yanaganda kwa mshipa vile yanaganda kwa paipu ya sinki, basi damu inakosa njia na presha inapanda. Kuna ukweli kidogo hapo, lakini hiyo ni hadithi ya kolestro na mshtuko wa moyo, inachukua miaka mingi. Presha hii ya kawaida, unapimwa unaambiwa 150 kwa 95, mara nyingi inaendeshwa na vitu vingine: figo, chumvi, neva na vimeng'enya (enzaimu, zile protini za mwili zinazokata na kugeuza vitu).

Inaenda hivi. Ini linatoa protini inaitwa angiotensinojeni, inazunguka tu kwa damu haina fujo. Figo ikihisi presha imeshuka ama chumvi imepungua inatoa renini, na hiyo renini ni kimeng'enya, kazi yake ni kukata ile protini itoke kipande kidogo cha asidi amino 10, angiotensini 1. Hicho nacho bado hakina nguvu. Kikipita kwa mishipa, hasa ya mapafu, kinakutana na kimeng'enya kingine kinaitwa ACE, kinakatwa asidi amino 2 za mwisho zinabaki 8, na hapo sasa ndio unapata angiotensini 2 yenyewe. Hiyo inabana mishipa, halafu inaambia tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, na aldosteroni inaambia figo zisiachilie chumvi wala maji. Mishipa imebanwa, maji yameongezeka, namba itakosaje kupanda?

Haya si mambo ya jana. Renini iliandikwa 1898 na Tigerstedt na Bergman wakichezea figo za sungura huko Stockholm, ACE ikaja 1956 na Leonard Skeggs na wenzake huko Cleveland, Marekani. Dawa zote zinazoishia na "prili", enalaprili, kaptoprili, perindoprili, zinabana hiyo ACE.

Mafuta yanaingia wapi? Ndani kabisa, lakini si kwa ile njia ya sinki. Anza na kitambi. Seli za mafuta za tumboni hazijakaa tu hapo, zenyewe zinatoa angiotensinojeni, yaani unampa renini malighafi zaidi ya kukata, na zinatoa leptini, homoni ambayo pamoja na kukupunguzia njaa inachochea neva zinazobana mishipa na kuamsha figo. Kuna utafiti ulifanywa Ujerumani ukachapishwa 2005, wamama wanene waliokoma hedhi wakapunguza uzito asilimia 5 peke yake. Angiotensinojeni ya damu ilishuka asilimia 27, renini 43, aldosteroni 31, ACE yenyewe 12, na presha ya juu (ile namba ya kwanza, 150 kwa 150/95) ikashuka pointi 7. Mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 4 na nusu tu. Hakuna aliyeambiwa mafuta ni sumu hapo, walipunguza mwili na vimeng'enya vikafuata.

Nikipata nafasi jioni naongeza ya mafuta ya kupikia na ya dawa za maumivu, hiyo ya pili ndio hasa ilinifanya nianzishe huu uzi.

msee_wa_Buru
Kwa hivyo unasema chapo ni sawa? Nitoe screenshoti nipeleke kwa bibi 😂

Dawa_Umoja
@msee_wa_Buru usinitie kwa shida za nyumba yako. Chapati ya layaz, ule unga mweupe, mafuta na ile kijiko ya chumvi, 4 kila jioni na supu yenye kyubu, hiyo ni kitambi na chumvi pamoja. WHO inasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni yote pamoja, ya mboga, ya mkate, ya smokie, na ile unanyunyizia kachumbari.

ShangaziKariokor
Asante kwa hii. Mathe wangu alikutana na jamaa fulani wa kuuza vitu za kusafisha mwili, akamwambia anywe maji moto na ndimu kila asubuhi itayeyusha mafuta kwa mishipa na asimeze dawa maana dawa inaharibu figo. Mama akaweka dawa kwa kabati. Tulikuja kujua akianza kuumwa na kichwa na kuona ukungu, kumpima iko 190 na kitu. Alilazwa, akapona, lakini huyo jamaa bado anauza.

Dawa_Umoja
@ShangaziKariokor pole sana shangazi na mpe mama salamu. Hiyo ya ndimu niiseme wazi. Ndimu haiyeyushi mafuta yoyote kwa mshipa, ukiikunywa inaingia tumboni kwenye asidi kali kuliko yenyewe, mambo yake yanaishia hapo. Na hiyo ya dawa kuharibu figo imegeuzwa kichwa chini, presha isiyotibiwa ndio inaua figo, na hizi za "prili" mara nyingi hupewa watu wa kisukari wenye protini kwa mkojo hasa ndio zikinge figo. Zinataka tu upimwe damu, creatinini (inaonyesha figo zinafanyaje kazi) na potasiamu, si kuogopwa.

BodaWaPipeline
Mimi nilipewa hiyo enalaprili nikaanza kukohoa, kikohozi kavu haina makohozi, usiku ndio mbaya, nikadhani ni TB ama vumbi ya Outering. Nikapima TB mara mbili hakuna. Kumbe?

Dawa_Umoja
@BodaWaPipeline kumbe ndio hiyo. ACE ina kazi mbili: inatengeneza angiotensini 2 na wakati huo huo inavunja kitu kinaitwa bradikinini, ambayo inalegeza mishipa. Ukiibana ACE, bradikinini inajaa. Kwa presha hiyo ni faida, lakini kwa njia ya hewa inakuna unakohoa. Rudi wakubadilishie, mara nyingi wanakupa losartani, hiyo haigusi ACE, inaziba pale angiotensini 2 inashikia. Usiache tu kimya kimya.

Na hii msichukulie mchezo: ukiwa kwa "prili" ukaona mdomo, ulimi ama uso umevimba, hiyo si ya kungoja asubuhi, nenda emajensi saa hiyo hiyo. Ni ile ile bradikinini, na sisi watu weusi inatupata zaidi kuliko wazungu. Na mama mjamzito asizitumie kabisa, wala losartani, zinaumiza mtoto.

Sasa utashangaa, hiyo bradikinini ndio ilileta hizi dawa. Kuna nyoka Brazil anaitwa jararaca, akikuuma presha inaanguka. Mtafiti wa huko, Sérgio Ferreira, miaka ya 60 akatoa kwa sumu yake kitu kinachoongeza nguvu ya bradikinini, baadaye ikaonekana kinabana ACE pia. Cushman na Ondetti wa kampuni ya Squibb wakasoma hiyo wakatengeneza kaptoprili, Marekani ikaipitisha 1981. Kwa hivyo ukimeza "prili" kumbuka kuna nyoka alichangia.

BodaWaPipeline
Sumu ya nyoka?? Hiyo simwambii mzae wangu hata kidogo, atatupa zote

Nesi_Rongai
Nimesoma yote na niko hapa nangojea ile ya dawa za maumivu maana naona unazunguka. Kwa kliniki yetu hii ndio sababu nambari moja ya presha kugoma. Mgonjwa anameza kila kitu vizuri, chumvi amepunguza, namba haishuki. Unamuuliza unatumia dawa nyingine? Hapana. Sasa mimi nishajua, nasema fungua mkoba. Mama mmoja alitoa kitambaa, ameifunga fundo, ndani kuna vidonge vya diklo (diklofenaki, dawa ya maumivu) vya rangi tatu za kampuni tofauti, goti linamuuma miaka, anameza moja asubuhi moja jioni. Kwake hiyo si dawa, hiyo ni "ya goti".

Dawa_Umoja
@Nesi_Rongai sista umeniwahi. Ndio hii sasa, na ndio mahali mafuta yanaingia kweli kweli kwa presha, kwa hivyo mnivumilie.

Kila seli mwilini imezungukwa na utando wa mafuta. Ndani ya huo utando kuna asidi ya mafuta inaitwa arakidoniki, inatokana na mafuta ya chakula, nyama na mayai zinayo tayari, na mafuta ya alizeti ama mahindi yana linoleiki ambayo mwili unaweza kuigeuza iwe hiyo. Seli ikipata kichocheo inaikata kutoka kwa utando, na sasa inategemea ni kimeng'enya gani kimeidaka. Ikidakwa na kimeng'enya kinaitwa COX inatoka prostaglandini, kemikali za kutuma ujumbe mwilini, na kwa figo na mishipa kuna prostaglandini zinazolegeza mishipa na kusaidia figo kutoa chumvi. Ikidakwa na familia nyingine ya vimeng'enya, hizo za saitokromu, inaweza kutoka kitu cha kulegeza au kitu cha kubana kinaitwa 20-HETE. Mafuta ni yale yale! Kimeng'enya ndio kinaamua presha iende juu ama chini.

Sasa brufeni, diklo, naproksini na wenzake zinafanya nini? Zinaziba COX. Maumivu yanaisha kwa sababu prostaglandini za maumivu zimekatwa, lakini na zile za figo zimekatwa pia. Figo inashikilia chumvi na maji, mishipa inabana, presha inapanda kwa wastani kama pointi 5 kwa mtu ambaye tayari ana presha, wengine zaidi. Na sehemu ya kazi ya "prili" inapitia kwa hizo hizo prostaglandini, kwa hivyo unameza enalaprili asubuhi unaifuta na diklo jioni.

Mbaya kuliko zote ni tatu pamoja: "prili" ama losartani, dawa ya kukojoa, na dawa ya maumivu ya hiyo familia. Hapo figo inaweza kugoma kabisa, hasa mzee, hasa akiwa anaharisha ama hajakunywa maji. Mimi mtu akija na karatasi ya daktari yenye hizo mbili za kwanza akiomba diklo nakataa kumuuzia, ananiambia nina maringo anaenda kwa jirani. Sawa, nitakaa na maringo yangu.

msee_wa_Buru
Sasa goti likiuma mtu afanye?

Nesi_Rongai
Parasetamoli kwa siku chache ni afadhali, ingawa nayo ukimeza dozi kamili kila siku kwa wiki presha inaweza kupanda kidogo. Diklo ya kupaka nayo inaingia kwa damu kiasi kidogo kuliko ya kumeza. Mazoezi ya paja, kupunguza kilo. Na umwambie anayekuandikia dawa ya presha kwamba goti linauma, usifiche kwa kitambaa.

Akoth_Omena
Sisi watu wa lake tumewaambia mle samaki miaka yote hamsikii. Omega 3 inashusha presha ama ni story ya watu wa kuuza kapsuli?

Dawa_Umoja
@Akoth_Omena inashusha, lakini si vile tangazo linasema. Omega 3 inakaa kwa ule utando mahali pa arakidoniki, ikidakwa na COX inatoka prostaglandini za aina nyingine tulivu zaidi, na mishipa inatoa naitriki oksaidi vizuri, hiyo ni gesi ya kulegeza mishipa, waliogundua kazi yake walipata Nobeli 1998. Kuna uchambuzi wa majaribio 71 uliotoka 2022, dozi iliyofanya kazi vizuri ilikuwa gramu 2 hadi 3 kwa siku na presha ya juu ilishuka pointi 2 na kitu, kwa wenye presha ikazidi kidogo. Sasa geuza chupa ya kapsuli usome nyuma. Mbele imeandikwa miligramu 1000 kubwa, nyuma kwa herufi za kunyima macho EPA 180 na DHA 120, hizo mbili ndio omega 3 yenyewe. Hiyo ni 300. Utameza 7 kufika gramu 2, na pesa iko wapi. Afadhali omena, lakini ioshe vizuri ile iliyokaushwa na chumvi, na usiikaange ikaogelea.

Akoth_Omena
Omena ya kuogelea kwa mafuta ndio tamu lakini sawa tumeskia

mama_wa_kibanda
Mimi nauza viazi karai na bhajia, mafuta ya kupima kwa ile mashine. Nataka kujua ukweli ni aina ya mafuta ama ni kurudia?

Dawa_Umoja
@mama_wa_kibanda swali zuri kuliko yote na nashukuru wewe ndio umeuliza. Ni zote mbili lakini kwa presha mimi nahofia kurudia. Mengi ya yale ya kupima ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, karibu nusu yake ni mafuta ya aina ya kuganda, kubwa hapo ni asidi ya palmitiki, na hiyo ikizidi kwa damu inapunguza naitriki oksaidi kwa mishipa. Hiyo ni aina. Lakini huko huko Malaysia walilisha panya mafuta yaliyochemshwa mara 5 na mara 10, ya mawese na ya soya, presha ya panya ikapanda na naitriki oksaidi ikashuka, na waliochemshiwa mara 10 wakaumia zaidi. Yale mapya hayakufanya hivyo. Panya si mtu, sawa, lakini mimi ile karai naijua: mafuta meusi, ukitia kiazi povu linapanda hadi ukingoni na haliishi, moshi unachoma macho kabla viazi havijaiva. Hapo hayo yameshavunjika, mwaga. Ukiweza chuja kila siku, usijazie mapya juu ya yale ya juzi, na usiache moto mkubwa kama hakuna mteja.

mama_wa_kibanda
Kumwaga ni pesa ndugu yangu. Lakini ya kutojazia juu nitajaribu, kweli hiyo ndio tunafanya sote.

MwalimuMstaafu
Nimefuatilia kwa makini. Ninaomba kuuliza: nimetumiwa ujumbe kwamba mafuta ya ufuta na maziwa ya mala "yanazuia ACE kama dawa". Kwa kuwa umeeleza kwamba ACE ndiyo inayozuiwa na vidonge, je, si ingewezekana mtu akanywa mala badala ya vidonge?

Dawa_Umoja
Shikamoo mwalimu. Huo ujumbe una ukweli uliovutwa masikio. Maziwa yakichachushwa na bakteria fulani yanatoa vipande vidogo vya protini ambavyo kweli vinabana ACE, Wajapani wamevifanyia kazi sana na hata kuuza kinywaji chake, lakini kushuka kwa presha ni kidogo na majaribio mengine hayakuona kitu. Na mala yako ya dukani haijapimwa ina vipande vingapi. Hata asidi za mafuta zenyewe, zile zisizoganda, kwa chupa ya maabara zimeonekana zikibana renini. Lakini ndani ya chupa hakuna tumbo, hakuna ini, unamwaga kiasi unachotaka moja kwa moja juu ya kimeng'enya. Mtu akikuambia chakula "kinazuia ACE" muulize tu, kwa chupa ama kwa mtu, na namba ilishuka ngapi.

Chakula chenye nguvu kweli ni kile cha mpango wa kula unaoitwa DASH, jaribio lake lilitoka 1997, matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mafuta ya kuganda kidogo, na wenye presha walishuka pointi 11 za juu. Hapo hakuna mafuta hata moja ya ajabu, ni sahani nzima. Kwetu ni sukuma, terere, maharagwe, ndizi, parachichi. Ila mwalimu, kama unatumia "prili" ama losartani na figo zina shida, usijazie potasiamu bila kupimwa, na zile chumvi mbadala za potasiamu usinunue kwa kuambiwa.

MwalimuMstaafu
Marahaba. Nimekuelewa vyema. Nitaendelea na mala kwa sababu ninaipenda, na vidonge kwa sababu ninavihitaji.

msee_wa_Buru
Swali la mwisho. Kama ACE ndio mbaya hivyo mbona mimi nilianzishiwa amlodipini na si "prili"? Ama walinipa ya bei rahisi

Nesi_Rongai
Si bei. Watu weusi wengi presha yetu ni ya renini ya chini, mwili unashika chumvi sana kwa hivyo renini inajituliza yenyewe, na kubana ACE peke yake hakukupi kitu kikubwa. Kulikuwa na jaribio linaitwa CREOLE lililotoka 2019, nchi 6 za Afrika na Kenya ikiwemo, wagonjwa 728. Amlodipini na dawa ya kukojoa, ama amlodipini na perindoprili, zote zilishinda perindoprili na dawa ya kukojoa. Yaani amlodipini ndio ilikuwa kiungo.

msee_wa_Buru
Sawa lakini miguu inavimba jioni, viatu havivaliki. Niache?

Dawa_Umoja
Usiache. Amlodipini inafungua mishipa ya kuingiza damu kuliko ile ya kuitoa, maji yanavujia kwa vifundo vya miguu. Dawa ya kukojoa haisaidii sana hapo. Rudi uwaambie, wanaweza kupunguza dozi ama wakuongezee "prili" kidogo ama losartani, hizo zinafungua upande wa kutoa na uvimbe unapungua, na presha inashikwa na mbili. Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake na unauma, ama unakosa pumzi ukilala, hiyo ni kitu kingine, nenda leo.